Shule na Kijiji Kilichoizunguka



Tumeagizwa kusema juu ya shule. Wenzetu wamekwisha kusema juu ya makanisa na zahanati, na habari za wamisionari waliotangulia, nao wamesema vema. Fungu letu sisi ni shule, tena si shule za Kanisa, bali shule za umma, ambamo watoto wetu walio wengi husoma. Labda mtu ataguna na kusema, "Katekista na shule za Serikali, wapi na wapi?" Huyo tutamjibu hivi. Watoto ni wale wale. Viwanja vya shule nyingi vilitolewa na wazee wetu. Na sisi makatekista huingia katika shule hizo kila juma kufundisha vipindi vya dini, kisha twatoka na kuketi barazani pamoja na wazazi. Basi twasikia maneno ya ndani na maneno ya nje, na mara nyingi maneno hayo hayakutani.

Neno tulilo nalo ni moja tu. Shule yaweza kusimama katikati ya kijiji, isiwe ya kijiji. Na jambo hili halianzi siku ile mwalimu mkuu na wazazi wanapokosana mkutanoni. Lilianza zamani, siku ile vigingi vilipopigwa na kamba ikavutwa, wala hapakuwa na mwenyeji hata mmoja aliyeulizwa mlango uelekee wapi.

Wazee waliomo humu waikumbuka shule ya kichakani. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja. Jumapili ilikuwa kanisa, siku nyingine ilikuwa shule, na mtu akiletewa barua asiyoweza kuisoma, aliipeleka pale pale asomewe. Wanafunzi walikaa juu ya magogo. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na kijiji kizima kilijua saa kwa mlio wake, hata yule asiyekuwa na mtoto shuleni. (Vipande vya namna hiyo vingali vikilia katika shule nyingi, nasi hatungependa kuviona vimeondolewa.) Hatuisifu shule ile kupita kiasi. Mafundisho yalikuwa machache, wasichana walikuwa wachache zaidi, na masika ilipokuja mvua iliwafuata wanafunzi mpaka ndani. Walakini nyasi za paa zilipooza, hapakuwa na mtu aliyeuliza ni kazi ya nani kuezeka. Walioijenga walijua kila mti uliposimikwa, na nani aliukata.

Kisha mambo yalibadilika, na ilikuwa haki yabadilike. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misheni ziliwekwa chini ya Serikali, na mtoto wa kila dini akawa na haki moja ndani yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1974, huko Musoma, ilikatwa shauri kwamba watoto wote wapate shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza ule mpango ulioitwa MMEM. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Mwishoni mwa mwaka 2021 vilianza kujengwa vyumba vya madarasa 15,000, kwa fedha za mkopo uliotolewa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na vingi vilisimama kwa miezi michache. Hesabu hii ni kubwa. Anayeidharau hajapata kufundisha watoto mia katika chumba kimoja.

Lakini kazi ya haraka hutaka ramani moja, na ramani hiyo mwaijua. Vyumba viwili au vitatu kwa mstari, ofisi ya mwalimu mkuu kando au katikati, ubao mwisho wa chumba, bati juu. Tanga penye joto na Makete penye baridi utaliona jengo lile lile, kana kwamba jua ni moja kwa wote. Chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, watoto husinzia si kwa uvivu. Mvua ikishuka, mwalimu hunyamaza na kungoja, maana sauti ya bati imemshinda. Hayo ni ya ndani. Ya nje ni kwamba jengo hilo, lililochorwa mbali, halijui kisima kiko wapi, wala njia ya kwenda gulioni, wala ule mti ambao wazee huketi chini yake. Mara nyingi mti huo ndio wa kwanza kukatwa, ili kiwanja kionekane safi.

Na mwenyeji je, huitwa lini? Huitwa wakati wa mawe, mchanga na maji. Kazi hii twaiita nguvukazi, na katika taarifa huandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Ndugu zetu, hapa twaomba ruhusa tuseme waziwazi. Kubeba mchanga wa nyumba uliyoikuta imekwisha kuchorwa ni kazi njema, lakini si kushirikishwa. Tena tazameni ni nani abebaye. Ndoo za maji ya kuchanganya saruji hubebwa na akina mama. Katika kamati ya ujenzi, mama hao hao ni wangapi? Na wale mnaoketi katika kamati hizo, mmepata kuwauliza jambo lolote ila idadi ya ndoo?

Tuwape mfano wa hapa kwetu. Kijiji chenyewe hatutakitaja, maana waliogombana wamekwisha kupatana. Shule ilipata fedha, ikazungushiwa ua wa seng'enge, kwa sababu mbuzi walikuwa wakila miche na walevi walikata njia uwanjani usiku. Shauri la ua lilikuwa na maana. Lakini njia ya akina mama ya kwenda chemchemi ilipita katika kona ya kiwanja kile, tangu kabla shule haijajengwa, na ua ukaifunga. Tangu siku ile mwenye ndoo kichwani alizunguka uwanja mzima. Baada ya juma moja seng'enge ikakatwa usiku. Ikafungwa, ikakatwa tena. Shuleni ikasemwa kwamba wanakijiji ni waharibifu wasioipenda elimu. Kijijini ikasemwa kwamba shule imekula njia. Michango ya uji wa watoto ikakoma, na katika mkutano wa wazazi walihudhuria watu tisa. Watoto ndio waliokaa na njaa mpaka saa nane, wala hawakuwa na kosa lolote katika habari ya seng'enge.

Mwisho wake mama mmoja mtu mzima aliitwa akaulizwa. Alisema kwamba wao hawana ugomvi na shule. Ni ndoo iliyogombana na ua. Basi ua ulirudishwa nyuma hatua sita katika kona ile, njia ikabaki nje, na kando yake ikapandwa minyaa. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Uji ulichukua zaidi ya mwaka kurudi. Kama aliyepima ua angalisimama pale alfajiri moja tu kabla ya kuchimba mashimo, angaliwaona akina mama wakipita, na habari hii isingalikuwako.

Sasa twataka kuwachukua mbali kidogo, mpaka Afrika ya Magharibi, kwa kuwa yaliyotendeka huko yatasaidia maneno yetu.

Katika nchi ya Burkina Faso kiko kijiji kiitwacho Gando. Mwaka 1965 alizaliwa hapo Francis Kéré, mwana wa mkuu wa kijiji. Gando haikuwa na shule. Basi mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo, akakaa kwa jamaa ili asome. Alipokua alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, na huko akaendelea mpaka akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kusomea usanifu wa majengo. Hakungoja kumaliza masomo. Alianza kuwaomba fedha rafiki zake, mwaka 1998 wakaunda chama kwa ajili ya shule ya Gando, na mwaka 2001 shule ikawa tayari.

Alipowaambia watu wa kwao kwamba shule itajengwa kwa udongo, hawakufurahi. Walimwona kama mtu aliyetoka Ulaya, nao walitazamia saruji. Udongo waliujua: nyumba za udongo huanguka wakati wa mvua. Nasi twawaelewa sana, maana hata kwetu nyumba ya udongo yahesabiwa kuwa nyumba ya yule ambaye hajapata fedha bado. Kéré angaliweza kuwaamuru, kwani fedha zilipitia mkononi mwake na baba yake ndiye mkuu. Alichagua kuwaonyesha. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa ukawa matofali, watu wakaona kwa macho yao kwamba haumeng'enyeki upesi. Hata baadaye, lilipojengwa tao la matofali, watu walipanda juu yake na kuruka, wapate kujua kama litavunjika. Halikuvunjika.

Ndipo kijiji kikaingia kazini. Watoto walileta mawe ya msingi, akina mama walileta maji, na vijana walifundishwa kufyatua matofali na kuunga vyuma, hata wengine wakapata riziki kwa kazi hiyo mahali pengine. Mtasema, "Hiyo si nguvukazi ile ile?" Mikono ni ile ile, ndiyo. Lakini watu wa Gando walibisha kabla ya kujenga, na jengo likapata nafasi ya kujibu ubishi wao. Kwetu sisi ubishi huja baada ya kujenga, na kuta zilizokwisha kukauka hazijui kujibu.

Jengo lenyewe lina vyumba vitatu kwa mstari, na kati ya chumba na chumba pameachwa uwazi wenye paa, mahali pa kukaa na kujifunza penye kivuli na upepo. Juu ya vyumba pana dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari, mbali nayo, limeinuliwa paa la bati juu ya vyuma vyembamba. Jua hulichoma bati, lakini joto lake halishuki kwa watoto, maana upepo hupita kati ya bati na dari. Hewa ya joto ya chumbani hupanda na kutoka, na hewa nyingine huingia madirishani. Hakuna mashine wala umeme katika jambo hilo. Tena bati limechomoza sana nje ya kuta, ili mvua isiupige udongo. Walimu wenzetu mnaofundisha chini ya bati tupu, tafakarini habari hii ya paa lililoinuliwa.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa kama 120. Wakazidi, na shule ikaongezwa. Zilijengwa nyumba za walimu, nazo za udongo vilevile. Kwa nyumba ya vitabu, akina mama wa kijiji walileta vyungu vyao walivyovifinyanga, vikakatwa vitako, vikapangwa darini. Na kwa matundu yale mwanga hushuka na hewa ya joto hutoka. Basi mama wa Gando asiyejua kusoma aweza kuinua macho katika nyumba ya vitabu akaona chungu cha mikono ya kwao. Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, na mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Sisi twaijali zaidi habari ya vyungu.

Wazungu nao wamelifikiri jambo hili. Katika jimbo la Cambridgeshire, Uingereza, msimamizi wa elimu aliyeitwa Henry Morris aliona vijiji vikikimbiwa na vijana wakienda mijini, na mwaka 1924 akaandika shauri lake: shule ya kijiji iwe ya vijana mchana na ya watu wazima jioni, yenye ukumbi na maktaba ya wote. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Sawston mwaka 1930. Ile ya Impington, iliyofunguliwa mwaka 1939, ilichorwa na Walter Gropius na Maxwell Fry, na vyumba vya watu wazima viliwekwa upande wao wenyewe, ili wasichanganyikane na darasa. Neno hili la upande wao wenyewe likumbukeni, tutalirudia.

Walakini si kila kifungacho shule na kijiji chafaa. Malangali, katika nyanda za juu za kusini, shule ya Serikali ilifunguliwa mwaka 1928, na mwalimu wake mkuu, Mumford, alijaribu kuisimamisha juu ya mila za wenyeji. Wazee waliitwa kufundisha habari za kale. Ngoma na kutupa mikuki viliingizwa katika ratiba. Nia yake haikuwa mbaya. Lakini mwenye kuchagua lipi katika mila ni jema na lipi liachwe alikuwa mgeni, na wakati ule wenyeji wengi waliohangaika kupeleka watoto shuleni walitaka kusoma, kuandika na hesabu. Kutupa mkuki walijua tayari.

Tena baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967, palikuwa na jaribio katika kijiji cha Kwamsisi, wilaya ya Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, likisaidiwa na chuo cha ualimu cha Korogwe. Shule ilitaka kufundisha kwa kazi na mahitaji ya kijiji chenyewe, na kijiji kiingie shuleni. Twaliheshimu jaribio hilo. Hata hivyo, penye jambo kama hilo wazazi huuliza swali moja, nalo ni la haki: je, mtoto wangu atafaulu mtihani kama mtoto wa mjini? Shule ikiwa na shamba zuri na ushonaji mzuri, lakini mtoto hachaguliwi kwenda sekondari, mzazi huona amedanganywa. Kwa hiyo mtu asituelewe vibaya. Hatusemi shule iache masomo ili ipendwe na kijiji. Shamba la shule ambamo watoto hulima mahindi ya mwalimu saa za hesabu si kiungo cha shule na kijiji, na wazazi walijua hivyo zamani.

Basi tuje kwenye jambo ambalo walimu wametuuliza mara nyingi, kwa haki kabisa. Wasema, "Ninyi mwataka shule iwe wazi kwa kijiji, na sisi tuna wasichana. Tuna madaftari na madawati yanayoibwa. Tuna watu wapitao wakipiga kelele wakati wa mtihani. Tukifungua, nani atatulinda?" Swali hili ni zito, na anayelijibu kwa kicheko hajalala katika nyumba ya mwalimu iliyo pembezoni mwa kijiji.

Jibu twaliona katika nyumba zetu wenyewe. Nyumba ya mtu wa pwani ina baraza nje, na barazani kila mtu huketi, anayejulikana na asiyejulikana, hata mwuza kahawa. Ndani kuna sebule, na sebuleni huingia mgeni aliyekaribishwa. Nyuma kuna uani, na uani hapiti mtu ila kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba. Nyumba zetu za bara nazo zina mpango wao. Kila kabila lajua mgeni hukoma wapi. Hakuna asemaye kwamba nyumba yenye baraza haina heshima. Kinyume chake, nyumba isiyo na baraza, yenye ukuta mtupu mbele, watu huipita wakinong'ona. Na nyumba iliyo uwazi mpaka uani si nyumba, ni uwanja.

Shule nayo ijengwe na baraza lake na uani wake. Barazani, yaani upande wa njia, pawekwe vile ambavyo kijiji chaweza kuvitumia: ukumbi au chumba kikubwa kimoja, kabati la vitabu lenye saa zake za jioni, bomba la maji, uwanja wa mpira, na ule mti wa wazee, usikatwe. Uani pawekwe madarasa, na vyoo vya wasichana visivyoonekana kutoka njiani, na chumba chao cha kujisitiri, na nyumba za walimu upande utakaowapa walimu usingizi. Ua wa seng'enge, kama fedha zipo, upite kati ya baraza na uani. Siku hizi huzungushwa mpakani mwa kiwanja chote, ukitupa kila kitu ndani na kila mtu nje. Ua wa katikati huwa mfupi, na kwa hiyo bei yake ni ndogo. Hilo nalo litawapendeza waweka hazina.

Katika vitu vya barazani tuongeze neno juu ya maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyoleta ugomvi katika ile habari tuliyoisimulia, na maji yaweza kuleta mapatano. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Walimu wa hesabu waijua kanuni hii. Jengo la vyumba viwili, pamoja na ukingo wa paa, laweza kuwa na paa la mita za mraba 150. Mahali panaponyesha milimita 800 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 120,000. Zipunguzwe zile zinazomwagika na kupotea, hata robo nzima, zabaki 90,000. Maji hayo leo hutiririka yakichimba mifereji chini ya ukuta, yakila msingi ambao wazazi waliubebea mawe. Shule ikiwekewa mfereji wa bati na tangi kubwa, na bomba lake likatokeza upande wa barazani, mama aliye karibu na shule hupata ndoo moja masika yote bila kwenda chemchemi. Huyo hatakata seng'enge. Tena atawafukuza wanaoikata, na sauti yake usiku ina nguvu kuliko ya mlinzi.

Juu ya michango tusema kwa kifupi. Tangu ada kuondolewa, wazazi wengi wameshika neno kwamba shule ni ya Serikali, na ya Serikali itengenezwe na Serikali. Wengine hulisema kwa uvivu, lakini wengi hulisema kwa kuwa ndivyo shule yenyewe ilivyowaambia kwa ukuta wake na lango lake. Kumlazimisha mzazi si halali na hakufai. Mtu huchangia baraza alilokalia.

Sasa twafika mahali ambapo maneno haya yaweza kuleta faida mwaka huu huu, wala si katika jubilei ijayo. Katika parokia zetu ziko shule shikizi, zile zilizoanzishwa na wanavijiji wenyewe kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kwenda mpaka shule mama, kwa sababu ya umbali, au mto, au pori lenye wanyama. Katika vile vyumba 15,000 tulivyovitaja, 3,000 vilikuwa kwa ajili ya vituo vya namna hiyo. Shule shikizi nyingi zilianza chini ya mti, au katika kibanda, au katika kanisa la kigango. Nasi makatekista tumewafungulia mlango watoto hao wa madarasa ya awali, na magogo yale ya zamani yakapata kazi tena. Basi hizi bado hazijakauka. Hapa kamba bado haijavutwa. Mtu wa wilaya akija na ramani yake, hana chuki na kijiji. Ana siku moja tu na gari linalomngoja. Akikuta watu wamekwisha kukubaliana njia zipite wapi, upepo watoka wapi, maji ya mvua hupita wapi, mti upi usiguswe, atafurahi, kwa kuwa wamempunguzia kazi. Ramani ya vyumba hawezi kuibadili, lakini vyumba vielekee wapi, na ua upite wapi, na tangi likae wapi, hayo mara nyingi huamuliwa pale pale uwanjani, na huamuliwa na yule aliyekuwako.

Kwa hiyo twawaomba wenyeviti wa halmashauri za parokia na walimu wa shule mama mfanye hivi kiangazi hiki, kabla ya mavuno kuwatawanya watu. Mwite watu kiwanjani, si ofisini, tena mara mbili: alfajiri mara moja, na saa tisa mara moja, maana jua la saa tisa ndilo litakaloingia darasani. Akina mama wasemwe wa kwanza kuulizwa, na kijana mmoja wa kuchunga mbuzi awepo, kwa kuwa yeye ajua maji hutuama wapi. Watoto wenyewe waulizwe njia wanayopita. Mtashangaa, si ile mnayoidhania. Ndugu zetu Waislamu wa kijiji waitwe pamoja nasi, kwani shule ni ya watoto wao pia, hata kama kiwanja kilitoka kwetu. Kamba ya katani mita mia na vigingi ishirini vyatosha. Vigingi vipigwe, watu watembee ndani yake kama kwamba kuta zimekwisha kusimama, waingie mlangoni, waketi mahali patakapokuwa darasa, na mwenye kubisha abishe. Kisha vigingi ving'olewe, vipigwe tena upya. Kigingi kikihamishwa hakigharimu kitu.